KUTOKA CHUONI HADI CHUO KIKUU: HISTORIA YA MSAMIATI WA ELIMU YA JUU KATIKA KISWAHILI

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa Kenya aliyepitia mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, alisoma Kiswahili kwa muda wa miaka 12. Alitahiniwa katika somo hilo mara mbili, kwanza mwishoni mwa shule ya msingi na kisha mwishoni mwa shule ya upili. Alipofika chuo kikuu alikuwa ameshazijua ngeli, amesoma riwaya na tamthilia, na pengine ameweza hata kuchambua arudhi za shairi. Hata hivyo, alipotakiwa aeleze kwa Kiswahili mambo yenyewe yaliyomleta chuoni, yaani udahili, muhula, kitivo, mhadhara, tasnifu na shahada, mara nyingi alibabaika. Aliishia kusema digrii, kozi, semista na hosteli, na wenzake wakamwelewa bila taabu.

Sababu mbili hutolewa kuhusu jambo hilo. Wako wanaodai kwamba vijana ni wavivu wa kujifunza lugha. Wako pia wanaodai kwamba istilahi hizo ni za kubuniwa mezani, kwamba zimejaa Uarabu na hazina mizizi katika matumizi ya watu. Madai yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini hakuna hata moja linalotosheleza. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba msamiati wa elimu ya juu katika Kiswahili ulijengeka kwa tabaka, kila tabaka likiwa na wakati wake na wenyewe wake, na kwamba sehemu kubwa ya tabaka la mwisho iliundwa kwa ajili ya madarasa ambayo hayakufunguliwa. Anayetarajia kuingia chuo kikuu hukabidhiwa maneno hayo yote kwa pamoja bila ya historia yake. Si ajabu basi kwamba huyaona kuwa mageni.

2. Chuo kabla ya chuo kikuu

Neno linalobeba msamiati huu wote, yaani chuo, ni la kale. Katika maandishi ya zamani ya pwani chuo ni kitabu. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, hujulikana pia kwa jina la Chuo cha Herekali, na hapo maana ya neno ni kitabu, wala si jengo la masomo. Wamishenari waliokusanya maneno ya Kiswahili katika karne ya 19, Krapf akiwa Mombasa na Steere akiwa Unguja, nao waliinakili maana hiyo ya kitabu. Mtoto aliyekwenda chuoni alikwenda penye kitabu, na kitabu chenyewe kilikuwa Kurani. Polepole jina la kitu kilichosomwa likawa jina la mahali pa kusomea.

Kutokana na neno hilo likapatikana jina la msomi. Mwanachuoni alikuwa mtu wa kitabu, aliyebobea katika fiqhi, tafsiri na lugha. Katika Kiamu, ambamo wingi wa chuo ni zuo, ndimo lilimotoka umbo la mwanazuoni ambalo limeenea hata katika Kiswahili Sanifu. Wengi wanaolitumia leo hawatambui kwamba z yake ni alama ya lahaja. Baadaye, hasa nchini Tanzania, likazuka neno mwanachuo kwa maana ya mwanafunzi wa chuo chochote cha kisasa. Tofauti ya silabi moja, -ni, inamtenga aliyehitimu elimu na yule ambaye ndiyo kwanza anaianza. Mwanafunzi mtarajiwa asiyeijua tofauti hiyo hujiita mwanachuoni kabla ya wakati wake.

Maisha ya chuoni yalikuwa na msamiati wake uliokamilika. Aliyefundisha aliitwa mwalimu. Watu wazima waliendelea na masomo kwa kuhudhuria darasa msikitini, ambamo mudarisi alisoma kitabu na kukifafanua sentensi baada ya sentensi. Msikiti wa Riyadha mjini Lamu, ulioasisiwa na Habib Saleh bin Alawi, ulikuwa kituo cha namna hiyo, na wanafunzi waliuendea kutoka sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki. Mwanafunzi alidurusu, na alipokikamilisha kitabu alisemwa kuwa amehitimu. Kuhitimu kulikuwa, kwanza kabisa, kuisoma Kurani mpaka mwisho wake. Hitima, ambayo husomwa kwa ajili ya marehemu, imetokana na mzizi uo huo, na hitimisho la makala ya kitaaluma vilevile.

Pamoja na msamiati huu wenye asili ya Kiarabu, ulikuwapo mwingine wa Kibantu usiopungua thamani. Mwanafunzi ni mwana wa kufunzwa. Mzizi wa -fund- na -funz- umetupatia kufunda, ambako ni kazi ya kungwi na mwari, kisha fundisho, funzo, na mkufunzi. Neno bweni, ambalo leo ni malazi ya wanafunzi wa shule na vyuo, liliitwa nyumba waliyolala pamoja vijana ambao hawajaoa au wasichana ambao hawajaolewa. Kwa hiyo, kabla ya taasisi yoyote ya kisasa kujengwa, Kiswahili kilikuwa tayari na jina la mahali pa elimu, jina la anayefunzwa, jina la anayefundisha, jina la kikao cha mafunzo na kitenzi cha kumaliza masomo. Jambo hili lapasa kukumbukwa kila inapodaiwa kwamba lugha hii ilikuta elimu ya juu ikiwa mikono mitupu.

3. Kipindi cha ukoloni

Utawala wa kikoloni ulileta mambo mawili yaliyopingana. Kwa upande mmoja, Kiswahili kilisanifishwa. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa usanifishaji, na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya maeneo yote manne, yaani Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja, ikaanza kazi. Frederick Johnson alikuwa katibu wake wa kwanza, na kamusi zilizofungamana na jina lake zikatoka mwaka 1939. Kwa upande mwingine, kadiri mwanafunzi alivyopanda ngazi ya masomo ndivyo Kiswahili kilivyoachwa nyuma. Makerere, iliyoanza kama shule ya ufundi mwaka 1922 na baadaye ikawa chuo kikuu kishiriki, ilifundisha kwa Kiingereza tangu mwanzo wake.

Kinaya cha hali hiyo kilidhihirika mwaka 1952, wakati Kamati ya Lugha ilipohamishiwa Makerere. Chombo kilichokabidhiwa ustawi wa Kiswahili kikakaa katika chuo ambacho hakikukitumia Kiswahili kufundishia somo lolote. Kamati haikuwa na sababu ya kutafuta neno la mhadhara wala la tasnifu, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyehadhiri wala aliyeandika tasnifu kwa Kiswahili. Lugha haiundi majina ya kazi isiyoifanya.

Hata hivyo, kipindi hicho hakikupita bure. Shule, neno lililoletwa na Wajerumani, lilienea Tanganyika na Kenya, ilhali Unguja ilishika skuli. Chuo nacho kikapata maana ya tatu. Vilipozuka vyuo vya ualimu na vya ufundi, neno lilitoka penye Kurani likawa jina la mahali popote pa mafunzo baada ya shule. Maana hiyo mpya ndiyo iliyofungua njia ya kupatikana kwa chuo kikuu.

4. Mlimani na uundaji wa istilahi

Mwezi wa Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya uhuru wa Tanganyika, chuo kikuu kishiriki kilifunguliwa Dar es Salaam, kikianza na masomo ya sheria. Mwaka 1963 vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kila kimoja kikajitegemea. Matukio manne ya miaka hiyo yana uzito wa pekee kwa historia ya msamiati huu. Mwaka 1964 kazi za iliyokuwa Kamati ya Lugha zilihamia Dar es Salaam chini ya chuo kikuu. Mwaka 1967 Bunge la Tanzania liliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Mwaka 1970 ikazaliwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na mwaka uo huo ikaanzishwa Idara ya Kiswahili iliyofundisha Kiswahili kwa Kiswahili.

Tukio hilo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Kwa mara ya kwanza walikuwapo watu waliohitaji kusema kila siku, kwa Kiswahili, kwamba mhadhara umeahirishwa, kwamba muhula umekwisha, au kwamba mtahiniwa ameshindwa. Istilahi hazikuwa tena orodha ya kupendeza. Zikawa mahitaji ya kazi. Isitoshe, Taasisi na Baraza zilikuwapo za kupendekeza, kusanifu na kuchapisha.

Ukiyachunguza maneno yaliyotokea, utaona kwamba waundaji walifuata njia tatu.

Njia ya kwanza ilikuwa kulipanua neno lililokuwapo. Chuo kikuu ni mfano bora. Kiarabu cha kisasa kina jamia kwa maana ya chuo kikuu, na ingalikuwa rahisi kulichukua. Lakini jamia katika Kiswahili lilikwishashika maana ya mkusanyiko wa watu na ya msikiti mkuu, na chuo kilikuwa kinywani mwa kila mtu. Kikaongezewa sifa ya -kuu na mambo yakaisha. Vivyo hivyo, kuhitimu kulitoka katika Kurani kukaingia katika masomo yote, na kitivo, neno ambalo kamusi hulieleza pia kuwa mahali penye rutuba, likawa jina la mkusanyiko wa idara zenye masomo ya jamii moja. Hapo Kiarabu kina kulliyya, nalo halikuchukuliwa. Ukweli huu unapunguza nguvu ya dai kwamba waundaji walikimbilia Kiarabu kila waliposhikwa na uhitaji.

Njia ya pili ilikuwa kukopa kutoka Kiarabu au kukipa kipya kile kilichokuwa kimekwishakopwa. Mhadhara, mhadhiri, tasnifu, mahafali, nadharia na taasisi ni ya kundi hili. Shahada ni mfano wa aina yake. Neno lilikuwapo tangu zamani kwa maana ya ushuhuda na ya tamko la imani ya Kiislamu. Kiarabu cha kisasa hulitumia pia kwa maana ya hati ya masomo, na Kiswahili kikaifuata maana hiyo. La kushangaza ni kwamba wanazuoni wa pwani walikuwa na neno jingine, ijaza, yaani idhini ambayo mwalimu humpa mwanafunzi wake ili naye afundishe. Kwa maana, ijaza liko karibu sana na kile ambacho chuo kikuu hukitoa. Lakini ijaza ilitolewa na mtu kwa mtu, nayo shahada hutolewa na taasisi mbele ya mashahidi. Huenda ndiyo maana neno la ushuhuda ndilo lililokubalika.

Njia ya tatu ilikuwa kunyambua na kuambatisha. Kutoka katika kitenzi kuzama likapatikana jina la shahada ya juu kabisa, kwa taswira ya anayezamia kina cha elimu. Kutoka katika shahada, kwa kuongeza silabi mwanzoni, yakapatikana stashahada na astashahada kwa vyeti vilivyo chini yake. Njia hii ndiyo iliyozua manung'uniko mengi, kwani mzungumzaji wa kawaida hapati dokezo la maana katika silabi hizo za mwanzo. Katika taswira ya kuzama dokezo lipo. Katika stashahada halipo. Haishangazi kwamba diploma na cheti yameendelea kutamba.

5. Madarasa ambayo hayakufunguliwa

Kazi hii yote haikufanywa kwa ajili ya idara moja tu. Matarajio yalikuwa kwamba Kiswahili, kilichofanywa lugha ya kufundishia shule za msingi za Tanzania mwaka 1967, kingepanda hadi sekondari na chuo kikuu. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba kianze kutumika katika kidato cha kwanza mwezi wa Januari 1985, na kwamba kifikie chuo kikuu mwaka 1992. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Taasisi iliendelea kuchapisha. Kamusi sanifu ya isimu na lugha na ile ya biolojia, fizikia na kemia zilitoka mwaka 1990. Lakini mhadhiri wa fizikia aliendelea kuhadhiri kwa Kiingereza.

Matokeo yake ni kwamba msamiati uliotengenezwa kwa ajili ya chuo kizima ulibaki kuwa mali ya idara za Kiswahili na ya magazeti. Ni sawa na nyumba iliyojengwa vyumba 20, kisha mwenyewe akalala katika kimoja. Vyumba vingine havikubomoka, ila havikuzoea watu.

6. Hali ya Kenya

Nchini Kenya historia ilifuata mkondo tofauti. Tume ya Ominde, katika taarifa yake ya mwaka 1964, iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza Kiswahili kiwe somo la lazima, lakini pendekezo hilo halikutekelezwa hadi ulipokuja mfumo wa 8-4-4, uliotokana na Tume ya Mackay ya mwaka 1981. Wanafunzi wa kwanza wa mfumo huo walijiunga na vyuo vikuu mwaka 1990. Kwa ghafla idara za Kiswahili zikajaa, kwa kuwa shule zilihitaji walimu.

Kenya haikuwa na chombo cha kisheria mfano wa Baraza la Tanzania katika miongo hiyo. Istilahi ziliingia kwa njia za aina tatu: kwa vitabu na kamusi za Dar es Salaam, kwa magazeti na redio, na kwa juhudi za watu binafsi. Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu, aliyefariki mwaka 2017, alikuwa mstari wa mbele katika juhudi hizo. Yeye aliyatafuta maneno mapya katika hazina ya lahaja kabla ya kutazama kwingine, na neno runinga ni miongoni mwa yale yanayonasibishwa naye. Msimamo wake ulikuwa changamoto ya haki kwa wote waliodhani kwamba usanifu lazima utoke katika kamati.

Kwa kuwa vyanzo vilikuwa vingi, Kenya ikawa na matumizi yake. Malipo ya masomo huitwa karo nchini Kenya, na Tanzania huitwa ada. Sehemu ya chuo kikuu iliyotengwa na nyingine huitwa bewa katika maandishi ya Kenya, ilhali wasemaji wengi husema kampasi. Mkuu wa chuo ni cheo kinachotatiza zaidi: katika chuo cha ualimu ni yule anayeongoza kazi za kila siku, lakini katika chuo kikuu kwa utaratibu wa Tanzania ni yule anayetunuku shahada siku ya mahafali, na mtendaji halisi ni Makamu wake. Waandishi wa Kenya huikwepa tata hiyo kwa kusema chansela. Hilo si kosa. Ni ushahidi kwamba istilahi isiyobainisha vyeo viwili itatafutiwa mwenziwe.

7. Mgogoro wa majina ya shahada

Mgogoro ulio wazi kuliko yote umo katika ukurasa wa kwanza wa tasnifu. Tasnifu za shahada ya pili zilizowasilishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hutaja Shahada ya Umahiri. Zile za Kenya hutaja Shahada ya Uzamili, neno linalokaribiana na Kiarabu zamil, ambalo maana yake ni mwenzi wa kazi au wa masomo. Kwa shahada ya tatu, Dar es Salaam huandika uzamivu, na wasomi wengi wa Kenya huandika uzamifu.

Suala la -vu na -fu linastahili kuangaliwa kwa makini, kwani si la tahajia tu. Viambishi hivi viwili vyote hutumika kuunda sifa kutokana na vitenzi. Kutoka haribu hupatikana -haribifu, na kutoka danganya, -danganyifu. Kutoka tulia hupatikana -tulivu, na kutoka vumilia, -vumilivu. Ikiwa chimbuko ni zamia, mlinganisho wa tulia unaelekea uzamivu. Lakini angalia hutoa -angalifu, wala si -angalivu, na kwa mlinganisho huo uzamifu nalo lina haki yake. Kanuni ya kunyambua haiwezi peke yake kukata shauri. Ni makubaliano ya watumiaji ndiyo yatakayolikata.

Wengine wameuona mgogoro huu kuwa aibu. Yafaa utazamwe kwa jicho jingine. Watu hawagombanii neno wasilolihitaji. Hakuna aliyewahi kubishana juu ya istilahi za kemia kwa ari inayotumika juu ya uzamifu, kwa sababu hakuna aliyeandika jina lake chini ya istilahi hizo. Ukurasa wa kwanza wa tasnifu ni mojawapo ya nyumba chache ambamo msamiati huu unaishi na kufanya kazi. Palipo na matumizi ndipo panapotokea mvutano, na palipo na mvutano ndipo usanifishaji unapokuwa na maana. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina fursa ya kusuluhisha jambo hili, iwapo idara za vyuo zitapeleka matumizi yao badala ya kupeleka maoni yao.

8. Mafunzo kwa mwanafunzi mtarajiwa

Historia hii inadokeza namna msamiati huu unavyoweza kufundishwa katika miaka ya mwisho ya shule. Utaratibu wa kawaida ni kumpa mwanafunzi orodha ya istilahi, kila moja na tafsiri yake ya Kiingereza. Orodha hiyo hukaririwa kwa ajili ya mtihani, na baada ya mtihani hupotea. Orodha huyatenga maneno ambayo kwa asili ni ndugu.

Njia iliyo bora ni kuyafundisha kwa koo zake. Ukoo wa kwanza ni wa elimu, mwalimu, taaluma, mtaalamu na ulamaa. Yote ni ya mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kujua. Ukoo wa pili ni wa darasa, madrasa, mudarisi na kudurusu. Wa tatu ni wa mtihani, mtahini, mtahiniwa na kutahini, nao una somo zuri la mofolojia: Kiswahili kilipolipokea neno imtihani kilipata mtihani, umbo linalofanana na la ngeli ya m-, kisha kikalipa kitenzi cha kutahini ambacho kinanyambulika kama kitenzi kingine chochote. Wa nne ni wa kuhitimu, mhitimu, hitima na hitimisho. Wa tano ni wa kufunza, mwanafunzi, mkufunzi na funzo.

Ukoo wa sita una mafunzo hata ya adabu. Mhadhiri na mhadhara yametoka katika mzizi uo huo uliotupatia hadhara, kuhudhuria na mahudhurio. Mwanafunzi anayelifahamu hilo hatalisahau neno mhadhara, na tena atajua kwamba kwa asili ya neno lenyewe hakuna mhadhara pasipo waliohudhuria. Vivyo hivyo, shahada ni ndugu wa shahidi na kushuhudia: chuo kinashuhudia kwamba mtu huyu anajua. Maana hiyo ikimkaa mwanafunzi moyoni, hatalinganisha shahada na karatasi ya kununuliwa.

Pamoja na koo, mwanafunzi aonyeshwe mipaka. Aambiwe waziwazi kwamba karo na ada ni maneno ya nchi mbili, kwamba uzamifu na uzamivu yangali yakitumika kwa pamoja, na kwamba digrii na kozi si matusi. Maneno ya mkopo wa Kiingereza yaliyokwisha kuenea yana nafasi yake katika mazungumzo. Kinachohitajika ni kwamba mwanafunzi awe na uwezo wa kuchagua, aandike udahili anapoiandikia ofisi ya msajili, na aseme vyovyote apendavyo anapozungumza na wenziwe bwenini.

9. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba msamiati wa elimu ya juu katika Kiswahili una umri mkubwa kuliko vyuo vikuu vyenyewe. Msingi wake uliwekwa na chuo cha Kurani na unyago, ukatikiswa na kupanuliwa na shule ya kikoloni, na ukajengewa kuta Dar es Salaam baada ya uhuru. Kile kinachoonekana kuwa ugeni wa istilahi ni, kwa sehemu kubwa, upweke wake: maneno yaliundwa, lakini hayakupewa kazi.

Tangu mwaka 2010 Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 7, imekitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo haujabisha hodi katika ofisi nyingi za vyuo. Hata mwanafunzi anayekwenda kusomea Kiswahili huitwa kwa barua ya Kiingereza, huwekewa kanuni za mitihani kwa Kiingereza, na hupokea cheti kinachotamka kwa Kiingereza kwamba amehitimu katika Kiswahili. Idara za Kiswahili hazina mamlaka juu ya ofisi hizo zote. Zina mamlaka juu ya mbao zao za matangazo, ratiba zao, miongozo ya kozi zao, na barua zao kwa wanafunzi wao. Zikianza hapo, mwanafunzi mtarajiwa atayakuta maneno yakifanya kazi siku ya kwanza anapoingia mlangoni, wala hatahitaji orodha.